Sijawahi kunena kwa lugha: je, Roho Mtakatifu hayumo ndani yangu?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga. Nimeokoka, huu ni mwaka wa tisa, na sijawahi kunena kwa lugha. Mwezi uliopita tulikuwa na mkesha, akaja mtumishi mgeni. Alituita mbele sote ambao hatujanena, akatuambia tuseme "haleluya" haraka haraka bila kupumzika mpaka ulimi ufunguke. Wenzangu wakafunguka, mimi nikabaki nalia tu. Akaniambia nina kifungo cha ukoo, na nikipanda mbegu, yaani nikimtolea sadaka, ya shilingi 150,000 atanifungulia karama yangu. Tangu siku hiyo hata kusali nashindwa. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kupeleka uji kwa wagonjwa wa hospitali ya Bombo, sikwenda, niliona sistahili. Mume wangu anasema hizo hela ni za ada. Je, ni kweli Roho hayumo ndani yangu? Na karama yangu nitaijuaje?

JIBU

Marahaba, mama, na Bwana asifiwe sana. Hela za ada zipeleke shule. Nimelisema hilo mwanzo kwa sababu sitaki lisubiri mpaka mwisho.

Sasa tuje kwa Roho. Wanaofundisha kama yule mtumishi wakifungua 1 Wakorintho 12, hukimbilia lugha, yaani kutamka kwa Roho maneno ambayo mtu hakujifunza, wakaruka mstari wa 3, nao ndio mlango wa sura nzima: hawezi mtu kusema Yesu ni Bwana isipokuwa katika Roho Mtakatifu. Paulo ameuweka hapo kabla hajataja karama hata moja. Ukimkiri Yesu kuwa Bwana wako, na wewe umemkiri miaka tisa, Roho yuko kazini ndani yako. Ukiteremka mpaka mstari wa 13 utakuta kwamba katika Roho mmoja "sisi sote" tulibatizwa kuwa mwili mmoja. Sisi sote. Hakuandika "sisi tulionena".

Barua kama yako napokea kila mara, na wenye shida hiyo wengine hawaandiki, wanakuja jioni watu wakishatawanyika. Mmoja alikuwa kijana wa timu ya maombi. Aliniambia aliiga silabi za mwenzake ili asitolewe kwenye timu, akaendelea kuigiza hivyo kila Jumatano kwa miaka miwili, na hakuna aliyegundua. Alilia kama mtoto. Watu waliomzunguka walidhani wamemsaidia kumpata Roho, kumbe walimfundisha kusema uongo mbele za Mungu huku amefumba macho. Kwa hiyo mama, wewe uliyebaki unalia pale mbele bila kuigiza chochote, mimi nakuheshimu. Ulikataa kumdanganya Mungu.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi neno lenyewe, karama, lilivyogeuzwa kuwa cheo. Watu husema "fulani amefika", "fulani bado", kana kwamba kuna madaraja, na lugha ndiyo cheti cha kuingilia la kwanza. Hebu lisikilize neno kwa sikio la Mswahili. Karama, ukarimu, mkarimu, kukirimu, takrima: yote ni ya ukoo mmoja. Hapa Tanga hata jirani Mwislamu akisikia "karama" atakumbuka mawalii, naye anajua kwamba walii hakuinunua. Mgeni akikirimiwa halipi, tena mwenye nyumba ukimuuliza bei ya chakula umemtukana. Kigiriki alichoandikia Paulo kinafanana na chetu kwa hilo: neema ni "charis", karama ni "charisma", yaani neema ile ile imefika mkononi mwa mtu ikawa kitu cha kushikika. Ndiyo maana Warumi 6:23 inasema mshahara wa dhambi ni mauti, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele. Angalia maneno mawili hayo yalivyowekwa uso kwa uso, mshahara na karama. Kimoja unakifanyia kazi, kingine unapewa. Ile karama iliyo kubwa kuliko zote umekuwa nayo tangu siku ulipookoka, na hakuna aliyekutoza.

Kisha soma 1 Wakorintho 12:29 na 30. Biblia yetu inauliza, "Je! Wote ni mitume? wote ni manabii?" mpaka "wote wanena kwa lugha?" Kigiriki kina neno dogo, "mē", linalotangulia swali ambalo muulizaji anatarajia jibu la hapana. Paulo ameliweka mara saba, kila swali na lake. Mimi ningelisoma kwa Kiswahili cha mtaani: "Kwani wote ni mitume? Kwani wote wananena kwa lugha?" Ukisikia "kwani" hiyo hauhitaji kamusi.

Niwe mwaminifu kwa ndugu zangu Wapentekoste. Fundisho kwamba kunena kwa lugha ndiyo ishara ya kwanza ya ubatizo wa Roho lilipata nguvu huko Marekani, katika shule ya Biblia ya Charles Parham mjini Topeka mwaka 1901, kisha katika uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, ulioanza 1906 chini ya William Seymour. Walimu wao makini wanatofautisha ishara hiyo na karama ya lugha inayotajwa katika barua kwa Wakorintho, na hawasemi kwamba asiyenena hajaokoka. Sikubaliani nao katika hoja ya ishara, lakini naongea nao tukiwa na Biblia mezani. Wala sidharau lugha zenyewe. Paulo alinena kuliko wote (1 Wakorintho 14:18) na akakataza watu wasizuie (14:39). Ila amri zake nyingine katika sura hiyo hiyo hazisomwi kwenye mikesha yetu: wanene wawili, wasizidi watatu, kwa zamu, mmoja afasiri, na asipokuwapo mfasiri mtu anyamaze katika kanisa.

Kuhusu kukimbiza "haleluya" mpaka ulimi uteleze, Matendo 2:4 inasema walinena "kama Roho alivyowajalia kutamka". Nyumbani kwa Kornelio, katika sura ya 10, Petro alikuwa bado anahubiri Roho aliposhuka. Hakuna aliyewapanga mstari wala kuwafundisha silabi. Ulimi wowote ukiukimbiza utateleza. Watoto wanajua hilo kwa mchezo wa kurudia "kata kata" haraka haraka.

Na hata wale waliojaa karama, tuwatazame vizuri. Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote, Paulo anasema hivyo katika 1:7. Kanisa hilo hilo anawaita watoto wachanga katika 3:1. Walikuwa wanashitakiana mahakamani, na kwenye meza ya Bwana mmoja alikuwa na njaa, mwingine amelewa. Karama hazikuwafanya watakatifu. Upande wa pili simamisha Yohana Mbatizaji. Malaika alisema atajazwa Roho Mtakatifu hata tangu tumboni mwa mamaye, Luka 1:15. Halafu Yohana 10:41 watu wanashuhudia kwamba hakufanya ishara yoyote. Amejaa Roho tangu tumboni, na muujiza hata mmoja hakufanya! Natamani mstari huo ungesomwa kila mkesha.

Kifungo cha ukoo sitakisemea mengi. Angekuwa na uhakika nacho asingekipangia bei.

Bei ndiyo inayonifanya nisinyamaze, kwa sababu jambo hili halikuanzia kwako. Simoni wa Samaria alileta fedha kwa mitume apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho. Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Simoni alikuwa mnunuzi. Siku hizi wauzaji ndio wanaozunguka. Kuna mbegu ya kufungua karama, kuna maji na mafuta ya upako yenye bei kwa ujazo, kuna madarasa ya unabii ambako mtu anahitimu kama anavyohitimu udereva. Yesu alipowatuma wanafunzi wake kuponya wagonjwa na kutoa pepo, katika Mathayo 10:8, aliwaambia, "mmepata bure, toeni bure." Mtu anayekutoza kwa alichopewa bure, ama hakupewa, ama ameiba.

Hatari haishii mfukoni. Mwenye kuuza karama ya lugha leo, kesho atauza ya kuponya, na akishauza hiyo atamwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Nimewazika watu wa namna hiyo. Mmoja alikuwa wa kisukari, aliambiwa sindano zake ni kutokuamini. Ukimsikia yeyote, awe na umati mkubwa namna gani, anamwambia mwenye presha, kisukari au virusi vya Ukimwi aweke dawa chini, ondoka, na mvute jirani yako mwondoke naye.

Umeuliza utaijuaje karama yako. Soma tena barua yako mwenyewe. Uliiandika katikati ya huzuni, ukapita haraka, uji wa Bombo. Katika 1 Wakorintho 12:28, kwenye orodha ile ile yenye mitume na miujiza, Paulo ameweka "masaidiano". Warumi 12:8 inamtaja mwenye kukirimu kwa moyo mweupe, na mwenye kurehemu kwa furaha. Na katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli Roho wa Mungu, na kazi iliyofuata ilikuwa ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, vito, mbao. Wamisionari Wakatoliki waliofika Bagamoyo mwaka 1868 shirika lao liliitwa kwa jina la Roho Mtakatifu, na kazi yao pale ilikuwa kukomboa watumwa, kulima, kufundisha na kutibu. Kipimo ni kile cha 1 Wakorintho 12:7, kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana. Sasa jiulize nani anafaidika unapochelewa kulala Ijumaa ukipepeta unga. Waulize pia wanaokujua, mchungaji wako na kina mama wenzako wa zamu, wanaona nini ndani yako, kwa sababu mara nyingi mwenyewe ndiye wa mwisho kuiona. Sisemi ukome kuomba karama nyingine. Omba. Roho humgawia kila mtu kama apendavyo Yeye, na akipenda akupe lugha ukiwa jikoni, atakupa.

Kwa yule mtumishi usirudi peke yako. Nenda na mumeo kwa mchungaji wenu wa nyumbani, mweleze kiasi kilichotajwa na maneno yaliyosemwa, kwa sababu hao wenzako waliofunguka nao huenda wameshaombwa chao. Akipiga simu kudai mbegu, mpe simu mumeo. Jumamosi nenda Bombo na uji wako, na wale wagonjwa uliowakosa wiki iliyopita waambie ulikuwa huna raha, wakuombee.