Maswali na majibu: Kuhamia mfumo mpya bila kupoteza data

Tuna kumbukumbu za miaka 12 kwenye programu ya zamani ya hesabu. Tuhamishe zote? (Mhasibu, Mwanza)

Hapana. Hamisheni salio la kila akaunti, ankara ambazo hazijalipwa, na orodha ya wateja, wauzaji na bidhaa mnazotumia sasa. Mengine yabaki kwenye mfumo wa zamani, ufungwe kuandikwa lakini usomeke. Msiutupe: sheria ya kodi ya Tanzania inadai kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Nimetoa orodha ya wafanyakazi kwenda Excel. Simu zimepoteza sifuri ya mbele, na namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zote zinaishia na sifuri tano. Nani kaharibu? (Ofisa utumishi, Dodoma)

Excel yenyewe. Ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na sifuri ya mwanzo kwenye hesabu haina kazi, kwa hiyo 0754 inakuwa 754. Hiyo unaweza kuirudisha. NIDA ndiyo balaa: namba ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu, tano za mwisho inazifanya sifuri. Ukishahifadhi faili hivyo, hakuna fomula ya kuzirejesha. Rudi kwenye mfumo wa zamani, toa faili upya, na usilifungue kwa kubofya. Liingize kupitia menyu ya Data, ukitaja mapema kwamba safu hizo ni maandishi.

Kagua na tarehe. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, ikikuta 25/04 itashindwa kuisoma, nawe utagundua. Lakini 03/04 itaisoma Machi 4 badala ya Aprili 3 na kupita kimya, na mkataba wa mtu utakwisha mwezi mmoja kabla.

Haya yanawapata wakubwa pia. Uingereza, Oktoba 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa Covid waliachwa nje ya takwimu kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani hazipokei zaidi ya mistari 65,536.

Bosi anataka tuhame Ijumaa jioni, Jumatatu tuuze kwenye mfumo mpya. (Arusha)

Mpe habari za benki ya TSB ya Uingereza. Nayo ilihama wikiendi moja, Aprili 2018. Data zilifika salama. Mfumo wenyewe ndio ulioleta hitilafu, wateja wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Fanyeni kwanza jaribio kamili, kwa data halisi na watumiaji wote wakiwa ndani kwa pamoja. Kisha hameni mwanzo wa mwezi, si katikati ya mauzo.

Nani asafishe orodha ya bidhaa, fundi wa IT au sisi? (Mtunza stoo, Tanga)

Ninyi. Fundi ataona “saruji kilo 50” na “simenti 50kg” ni vitu viwili. Ila mdai posho ya muda wa ziada, maana kazi hii ni kubwa kuliko inavyotajwa kwenye vikao.

Tutajuaje kila kitu kimefika? (Mhasibu yuleyule wa Mwanza)

Toa urari (orodha ya salio za akaunti zote) wa mifumo yote miwili kwa tarehe moja. Ukipishana hata shilingi, msianze kazi. Ukilingana, bado linganisha deni la kila mteja, mmoja mmoja: jumla inaweza kuwa sahihi huku deni la mteja mmoja limeandikwa kwa mwingine.