Barabara ya mchepuko na biashara za mjini

Kaka, umeuliza kama mchepuko, yaani barabara inayozunguka mji bila kupita katikati, unaua biashara za mji. Inategemea mji ulikuwa unaishi kwa kutegemea kitu gani.

Hapa Mwanza tunao wa Usagara–Kisesa. Lori linalotoka Musoma kwenda Shinyanga halina sababu ya kuja kubanana na daladala mjini. Kuna duka lililofungwa Nyamagana kwa ajili hiyo? Mimi sijaliona. Dereva wa semitrela hashuki kununua vitenge, kwanza ataegesha wapi?

Daraja si mchepuko, lakini Kigongo na Busisi, pande mbili za kivuko cha Ziwa Victoria, ndiko pa kutazama. Pale watu walikuwa wanaishi kwa kuuza kwenye foleni ya kivuko: mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga, maji, karanga, hata kuchaji simu. Abiria alikaa muda mrefu akisubiri, njaa ikamshika, akanunua. Daraja la JPM (John Pombe Magufuli), kilomita 3, likafunguliwa Juni 2025, sasa basi linapita kwa dakika chache na vioo vimefungwa. Mama lishe atamuuzia nani?

Kwa hiyo ukiuliza habari za mchepuko kwenye kikao cha kijiji, usiishie kwenye fidia ya mashamba. Uliza stendi na maegesho ya malori vitakaa wapi, na vibanda vya nani vitatangulia kupewa nafasi.