Ofa ya fleti imekubaliwa, benki iko tayari kutukopesha: wakili tumchague vipi?

Swali: Habari Wakili. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, na ofa yetu ya pauni 240,000 kwa fleti ya vyumba viwili imekubaliwa. Benki imeshatuambia kwamba itatukopesha. Sasa kila mtu anatuletea wakili wake. Dalali anasema tukiwachukua mawakili wake mambo yataenda haraka. Rafiki yangu ametutumia kampuni ya mtandaoni yenye bei ya chini sana. Mume wangu anamtaka wakili aliyetushughulikia viza, kwa kuwa anatufahamu na tunaongea naye Kiswahili. Sehemu ya pesa ya kutanguliza inatoka kwa kaka yangu aliyeko Mombasa. Tumchukue nani, na tumuulize nini?

Jibu: Dada, hongereni sana. Kabla hujamjibu yeyote kati ya hao watatu, ipigie simu benki, au mshauri wenu wa mikopo kama mnaye, uulize swali moja: kampuni hii ya mawakili mnaikubali?

Wanunuzi wengi hudhani wakili wanayemlipa anawawakilisha wao peke yao. Hapa England na Wales, nyumba ikinunuliwa kwa mkopo, kwa kawaida wakili huyohuyo humwakilisha mnunuzi na benki pia. Yeye ndiye anayeithibitishia benki kwa maandishi kwamba hati ni safi, ndiye anayepokea pesa za mkopo, na ndiye anayehakikisha rehani ya benki imeandikishwa HM Land Registry, yaani ofisi ya serikali ya kuandikisha umiliki wa ardhi na nyumba. Ndiyo maana kila benki ina orodha yake ya kampuni inazoziamini, inaitwa paneli. Ukichagua kampuni iliyo nje ya paneli, benki inaweza kuweka wakili wake wa pili. Gharama zake mtazilipa ninyi, na kila karatasi itasubiri mezani kwa watu wawili badala ya mmoja.

Hapo suala la wakili wa viza huwa linajiamulia lenyewe. Kampuni nyingi za uhamiaji hazigusi kazi za nyumba, na hazimo kwenye paneli yoyote. Namwelewa mumeo. Mtu aliyewavusha kwenye jambo gumu mnamwamini, na lugha yako mwenyewe ni faraja kubwa unaposaini deni la miaka 30. Lakini muulizeni wazi ni nyumba ngapi zenye mkopo amezikamilisha mwaka huu, na kama yumo kwenye paneli ya benki yenu. Akisita, muombeni awaelekeze kwa mwenzake. Benki nyingi hutaka pia kampuni ya masolisita, yaani mawakili wa kawaida wa hapa, iwe na ithibati ya kazi za nyumba kutoka chama chao, Law Society, iitwayo Conveyancing Quality Scheme, na hiyo haipatikani kwa kazi za viza.

Tena si lazima awe solisita. Wapo wataalamu wenye leseni ya kuhamisha umiliki wa nyumba, wanaosimamiwa na Council for Licensed Conveyancers, na kazi yao ni hiyo tu mwaka mzima. Baadhi ya watu makini kuliko wote niliowahi kukutana nao upande wa pili wa mauziano walikuwa hao. Masolisita wanasimamiwa na Solicitors Regulation Authority. Wasimamizi wote wawili wana daftari la wazi mtandaoni. Litafute jina la kampuni humo kabla hujatuma hata peni moja.

Sasa turudi kwenye wakili kuwa na wateja wawili, maana linawagusa ninyi moja kwa moja kupitia pesa ya kaka yako. Wakili akijua jambo ambalo benki ingetaka kulijua kabla ya kukopesha, ni lazima aiambie. Mkimzuia, itabidi ajitoe kwenye kazi. Kwa hiyo zawadi ya kaka isemwe tangu siku ya kwanza, kwa benki na kwa wakili. Kaka ataombwa kitambulisho, taarifa za akaunti zinazoonyesha pesa aliipataje, na barua kwamba ni zawadi, haidai na hana sehemu katika nyumba. Kama kweli ni mkopo, mseme ni mkopo. Kama kuna sehemu imetoka kwenye upatu, tafuteni daftari la mchezo na kumbukumbu za kila muamala mapema. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa pesa zinamtaka wakili ajue pesa imetoka wapi; si kwamba anawashuku. Nimewahi kuona familia ikikaribia kuikosa nyumba kwa sababu mchango wa ndugu uliingia kwa mafungu sita kutoka akaunti sita, na kila fungu lilihitaji maelezo yake.

Kwa sababu hiyo nawaambia wasomaji wangu wampime wakili kwa maswali anayowauliza wao. Anayewatajia bei tu na kuwatumia fomu hajaanza kazi. Anayeuliza pesa inatoka wapi ameanza. Na kuna swali jingine ambalo kwa watu wetu ni zito kuliko yote: je, mmoja wenu ana nyumba popote duniani?

Angalieni hesabu. Kwa viwango vya kodi ya stempu vya England tangu Aprili 2025, wanunuzi ambao wote ni wa mara ya kwanza hawalipi chochote hadi pauni 300,000, kwa hiyo kwenu ingekuwa sifuri. Lakini "mara ya kwanza" maana yake hujawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote, hata Kisumu au Tanga, hata ya kurithi. Mmoja wenu akiwa aliwahi kumiliki na sasa hana tena, mtalipa pauni 2,300. Na kama mmoja wenu bado anamiliki nyumba nyingine, au sehemu ya nyumba, yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, huongezwa asilimia 5 juu ya bei yote, na jumla inafika pauni 14,300. Kwa nyumba ya urithi kuna nafuu fulani: sehemu isiyozidi nusu haihesabiwi kwenye nyongeza hiyo kwa miaka mitatu ya kwanza. Kiwanja kitupu si nyumba. Fomu ya kodi hupelekwa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa funguo, na mnaosaini kwamba maelezo ni ya kweli ni ninyi. Wakili ambaye hakuwauliza hili mwanzoni amewaacha mkipanga bajeti gizani.

Swali la tatu analopaswa kuuliza ni kuhusu fleti yenyewe. Fleti nyingi hapa huuzwa kwa umiliki wa miaka maalumu, si wa kudumu. Imebaki miaka mingapi? Kodi anayolipwa mwenye ardhi (ground rent) ni kiasi gani, na inapanda vipi? Ada ya kutunza jengo je, na kuna ukarabati mkubwa unaokuja? Benki ina masharti yake kwa kila moja ya hayo, na miaka ikiwa michache inaweza kukataa kukopesha. Kama jengo lina ghorofa tano au zaidi, muulizeni pia kama anashughulikia majengo yanayoguswa na Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022. Kampuni nyingine huzikataa kazi hizo, na ni heri mlijue hilo leo kuliko wiki ya sita.

Kuhusu dalali: sheria inamruhusu kulipwa ada kwa kuwapeleka kwa wakili, lakini ni lazima awaambie. Muulizeni ni kiasi gani. Hana haki ya kuwalazimisha, wala kuwanyima nyumba kwa sababu mmewakataa mawakili wake. Sisemi mawakili wake ni wabaya. Wapitisheni kwenye maswali yaleyale, wakiyajibu vizuri kuliko wengine wachukueni.

Bei ya mtandaoni isomeni hadi chini. Tangu Desemba 2018 kampuni za masolisita zinatakiwa kuweka wazi bei za kazi hii, lakini ile namba kubwa ya juu mara nyingi ni ada ya msingi tu. Ongezeni nyongeza ya fleti, ya kuiwakilisha benki, ya kuhakiki zawadi, ya fomu ya kodi, ya kutuma pesa, VAT ya asilimia 20, upekuzi wa kumbukumbu za halmashauri, za maji na za mazingira kuhusu nyumba hiyo, na ada ya Land Registry. Ombeni jumla moja kwa maandishi, kisha linganisheni jumla kwa jumla. Penye maneno "msipokamilisha hamlipi" ulizeni gharama za upekuzi, kwa sababu hizo kwa kawaida hazirudi.

Mwisho, ulizeni jina la mtu atakayelishika faili lenu, na nani analishika akiwa likizo. Ofa ya mkopo ina tarehe ya kuisha, mara nyingi ndani ya miezi michache, na faili lisilo na mwenyewe ndilo linaloipitisha tarehe hiyo.

Mkishamchagua, chukueni namba ya akaunti ya kampuni siku hiyohiyo, kwa kufika ofisini au kwa simu, na muiandike. Matapeli huingilia barua pepe za mauziano na kutuma "akaunti mpya" siku chache kabla ya malipo. Ujumbe kama huo ukija, hata ukiwa na jina la wakili wenu, msitume kitu. Pigeni simu kwa ile namba mliyopewa mwanzoni, muongee naye kwa sauti.