Aretha Franklin na piano yake: majibu ya maswali yenu

Mwezi huu niliwaomba wasomaji mlete maswali kuhusu Aretha Franklin, malkia wa muziki wa soul, aliyefariki Detroit tarehe 16 Agosti 2018 akiwa na miaka 76. Yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Wengi mmeuliza juu ya sauti yake. Mtaona majibu yangu mengi yanaishia kwenye vidole vyake.

Ni kweli "Respect" si wimbo wake? Mjomba ananibishia kila siku. (Msomaji, Tanga)

Mjomba wako amepata nusu. Aliyeutunga ni Otis Redding, mwimbaji mwenzake wa soul, na aliurekodi mwaka 1965. Kwake yeye, mwanamume anarudi nyumbani, pesa analeta, na anachodai ni mkewe amheshimu akiingia mlangoni. Tarehe 14 Februari 1967 Aretha aliingia studio New York akaupindua: anayedai heshima sasa ni mwanamke, na hababaishwi na pesa za mtu.

Hakubadilisha maneno tu. Zile herufi R-E-S-P-E-C-T zinazotajwa moja moja hazimo kwa Otis. Wala kule nyuma hakuna wale waitikiaji wanaomjibu mwimbaji papo kwa papo; hao ni ndugu zake Aretha, Erma mkubwa wake na Carolyn mdogo wake, walioimba pamoja tangu utotoni. Hata kipande cha katikati, saksafoni ya King Curtis inapopanda, kiliongezwa, na akordi zake zilichukuliwa kwenye wimbo mwingine kabisa wa waimbaji wawili wa soul, Sam & Dave. Juni 1967 "Respect" ilikaa nambari moja Marekani kwa wiki mbili. Mwezi huohuo Otis alipanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, akawaambia watu kuwa kuna msichana amemchukulia wimbo wake.

Ila kwa sheria wimbo haukuchukuliwa, na hili linaniuma. Marekani, redio za kawaida humlipa mtunzi, hazimlipi mwimbaji. Kila redio ilipoupiga, mirabaha ilikwenda upande wa Otis. Aretha, aliyeupa umbo ambalo dunia inalijua, hakupata kitu kutoka kwenye redio hizo mpaka anaingia kaburini.

Kama kipaji kilikuwapo, mbona miaka ya mwanzo hakuvuma? (Msomaji, Nakuru)

Alikuwa akiimba kwa nguo za kuazima. Kampuni ya Columbia ilimsaini mwaka 1960, ana miaka 18, kupitia John Hammond, mtu aliyewahi kumwinua mwimbaji wa jazi Billie Holiday. Walimpa jazi, wakampa nyimbo za maigizo ya jukwaani ya Broadway, New York, wakamfunika kwa fidla. Sizidharau albamu zile, zina nyakati nzuri sana. Lakini mara nyingi utamkuta amesimama mbele ya maikrofoni huku mtu mwingine akimpigia piano, na hapo ndipo walipomkosea.

Aretha alijifunza piano kwa sikio, bila kusoma nota, nyumbani kwa baba yake, Mchungaji C. L. Franklin wa kanisa la New Bethel Baptist, Detroit. Koo na mikono vilikua pamoja. Akiondolewa kwenye piano, anaimba akimfuata mtu. Akirudishwa, bendi nzima inamfuata yeye: anajua pa kuchelewesha neno, pa kunyamaza, pa kuwavuta wapigaji wapande naye.

Jerry Wexler, mtayarishaji wa kampuni ya Atlantic, alilielewa hilo. Januari 1967 alimpeleka studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama, akamketisha kwenye piano. Wapigaji walikuwa vijana weupe wa huko Kusini. Walianza na "I Never Loved a Man", wakakwama, hakuna anayejua waingie vipi, mpaka Spooner Oldham alipogusa piano ya umeme akapata ule mpigo unaoufungua wimbo. Baada ya hapo haukuchukua muda. Kwa bahati mbaya, siku hiyohiyo mume wake, Ted White, akakorofishana na mpiga tarumbeta mmoja, ugomvi ukahamia hotelini, na Aretha na mumewe wakaondoka. Kazi iliyopangwa kuchukua wiki nzima ikaishia wimbo mmoja na nusu. Wexler aliwaita vijana walewale New York kumalizia, na katika vikao hivyo ndimo "Respect" ilimozaliwa.

Mkoba ule aliopanda nao jukwaani ulikuwa wa nini? (Msomaji, Kigali)

Pesa. Alidai alipwe taslimu kabla ya kuimba, na pesa zikaenda naye mpaka kwenye piano. Wapo waliomwona mgumu. Mimi naona mtu aliyekulia katika biashara ambamo wanamuziki weusi walidhulumiwa mchana kweupe, akajifunza.

Alijihusisha na siasa, au alikuwa mwimbaji tu? (Msomaji, Mombasa)

Hakuwa mtu wa hotuba, lakini alikuwapo. Martin Luther King alikuwa rafiki wa baba yake, na Aretha aliimba kumchangia fedha, kisha akaimba kumuaga alipouawa mwaka 1968. Mwaka 1970 Angela Davis, mwanaharakati wa haki za weusi, alipokamatwa, Aretha alijitolea hadharani kumlipia dhamana. Si jambo dogo kwa mwimbaji aliyehitaji redio za watu wote zimpige. Januari 2009 aliimba Barack Obama alipoapishwa, amevaa kofia ya kijivu yenye utepe mkubwa ambayo ilizungumzwa karibu sawa na hotuba.

Nani leo anaimba kwa sababu yake? (Msomaji, Muscat)

Ni rahisi kuanza na Whitney Houston, kwa kuwa mama yake, Cissy, alikuwa mwitikiaji wa Aretha. Ile sauti ya juu kabisa inayoelea katika "Ain't No Way" ya 1968 ni ya Cissy. Wimbo wenyewe alitunga Carolyn. Ukisikia mwimbaji yeyote wa leo akivuta silabi moja kupitia noti sita au saba, hiyo ni njia ya makanisa ya Wamarekani weusi, na Aretha ndiye aliyeifikisha kwenye redio za kila mtu. Wengi waliomfuata waliiga mapambo, wakaacha kipimo. Yeye alivuta neno pale ambapo maana ilidai, na sehemu nyingine alilisema tu, karibu kama mtu anayeongea.

Mwaka 1987 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki wa rock. Desemba 2015, akiwa na miaka 73, aliimba "A Natural Woman" katika hafla ya kumuenzi Carole King, mmoja wa watunzi wa wimbo huo. Alianza ameketi kwenye piano, na bila shaka mkoba ulikuwa juu ya piano hiyo. Mwisho akainuka na kuliangusha koti la manyoya sakafuni. Obama alionekana akijifuta chozi.

Shikamoo mwandishi. Naimba kwaya, na wazee wetu wanasema ukigusa nyimbo za dunia huwezi kurudi. Yeye alirudije? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimeliweka mwisho kwa makusudi. Januari 1972, umaarufu ukiwa kileleni, Aretha alirekodi nyimbo za injili kwa usiku miwili katika kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir. Albamu hiyo, "Amazing Grace", ilipita nakala milioni mbili Marekani. Usiku wa pili baba yake alisimama akazungumza na waumini, na alichowaambia ni kwamba binti yake hakuwahi kuondoka kanisani.

Siku hizo zilipigwa picha za filamu pia, ila sauti na picha vilishindikana kuoanishwa, na watu hawakuiona mpaka Aretha alipokuwa amekwisha fariki. Itafute. Ngoja afike kwenye "Never Grow Old", wimbo aliourekodi akiwa na miaka 14 katika kanisa la baba yake. Ameketi kwenye piano, anapiga mwenyewe, jasho linamtiririka usoni, na mikono haiwezi kuacha funguo. Baba yake anainuka, anamsogelea kwa kitambaa, anamfuta uso taratibu, naye anaendelea kuimba.