Kabla Kaunti Haijatia Saini Ruzuku ya Usalama

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa ruzuku katika ofisi ya maafa ya kaunti ndogo iliyo kando ya mto, hapa Marekani. Ofisi nzima tulikuwa watu watatu. Siku hizi nakutana na wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili ambao wameajiriwa kwenye kaunti na miji midogo, au wameingia kwenye kamati za mitaa. Mkubwa wa kazi akiwapa faili la ruzuku ya usalama, wanalishika kama nilivyolishika mimi mara ya kwanza, kwa furaha tu. Nawaandikia hao.

Jueni kwanza kwamba Washington haiji kwenu na amri. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1997, katika kesi ya Printz, kwamba serikali kuu haiwezi kuwashurutisha maofisa wa majimbo na kaunti watekeleze mipango yake. Inachoweza kufanya ni kufunga sharti kwenye hela. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, sheria ya 2002 iliunda Wizara ya Usalama wa Ndani, ikakusanya idara 22 chini ya paa moja. Februari 2003 Rais George W. Bush akaagiza kuwe na mfumo mmoja wa taifa wa kusimamia matukio ya dharura, unaojulikana kama NIMS, na kwamba kuanzia mwaka wa fedha wa 2005 asiyeufuata asipate ruzuku za maandalizi. Kwenye karatasi, kaunti ina hiari. Ila kaunti yenye gari moja la zimamoto lililochoka haina hiari hiyo.

Ipo pia sheria ya 1995 iliyotungwa kupunguza mizigo ambayo Bunge huzitwisha serikali za chini bila kuleta fedha. Ukiisoma utaona mambo ya usalama wa taifa hayamo ndani ya kinga hiyo. Kwa hiyo msitegemee kwamba kuna mtu huko juu anayewapigia hesabu. Pigeni wenyewe.

Sitaki mdhani masharti yote ni mabaya. Mfumo wa uongozi wakati wa maafa, ambao ni sehemu ya NIMS, ulizaliwa California, baada ya mioto mikubwa ya misitu ya mwaka 1970, pale vikosi vilipokuta kila kimoja kina maneno yake na mkubwa wake. Nimeona faida yake kwa macho yangu. Mto ulipofurika, zimamoto wa kaunti jirani walifika usiku, na ndani ya dakika chache walijua nani anaongoza na wao waripoti wapi. Kozi za mwanzo za mfumo huo ni za bure na zinasomwa kwenye intaneti. Ugumu uko kwenye zile za juu, zinazotaka mtu akae darasani siku nzima nzima. Zimamoto wetu walikuwa wa kujitolea: fundi wa kuchomelea, dereva wa basi la shule, mfugaji. Siku ya darasa ni siku bila mshahara, na hakuna aliyelitia hilo kwenye bajeti. Ombeni mkufunzi aje Jumamosi, tena mwombe mapema, kabla kalenda ya jimbo haijajaa.

Kilichotuumiza kweli ni redio. Tulipata ruzuku ya kununua redio za mkononi kwa vikosi vyote, na siku zilipofika watu walipiga picha nazo. Miaka michache baadaye betri zikafa. Kupanga upya masafa yake kulihitaji fundi wa kulipwa. Ruzuku ilishakwisha, na betri zikawa zetu. Tena kifaa cha hela ya serikali kuu si cha kutupa au kuuza upendavyo: angalau kila miaka 2 unatakiwa ukihesabu na kukilinganisha na daftari. Nilitumia wiki nzima nikitafuta redio mbili, kumbe zilikuwa kwenye kabati la kituo kilichofungwa. Tangu hapo, kila ombi la ruzuku nililiandikia ukurasa mmoja wa ziada kwa ajili ya baraza: kitu hiki kitakula dola ngapi mwaka wa tatu, wa tano, na nani atalipa. Mara mbili baraza lilisoma ukurasa huo likaiacha ruzuku. Nadhani lilifanya vyema.

Sasa niwaambie kuhusu majina, maana hapa ndipo mtu wetu ana kazi ambayo karani mwingine hawezi kuifanya.

Rais akitangaza janga kubwa, FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, hulipa angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Zinazobaki ni za jimbo na kaunti. Lakini saa za watu waliojitolea kwenye kazi ya dharura zinaweza kuhesabiwa katika fungu hilo, kwa kiwango ambacho kaunti ingemlipa mfanyakazi wa kazi kama hiyo, mradi ziwe zimeandikwa: jina, tarehe, saa, mahali, kazi aliyofanya. Katika mafuriko ya kwanza, waumini wa kanisa moja la Wakongo walijaza magunia ya mchanga siku tatu na kupika kwenye makazi ya muda. Hakuna aliyeandikwa, na saa hizo zote hazikutusaidia hata senti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mara ya pili nilikwenda na fomu. Mama mmoja akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi nimejaza magunia kwa sababu maji yanakuja. Karatasi ya nini tena?" Nilimwelewa. Wapo waliokimbia mahali ambapo jina kwenye orodha lilileta watu usiku. Na FEMA iko ndani ya wizara ileile yenye maofisa wa uhamiaji, jambo ambalo kila mtu pale kanisani alilijua.

Ushauri wangu: msiwafiche watu. Nilisimama mbele, nikaeleza kwa Kiswahili fomu inakwenda wapi, kwamba haiulizi hati ya mtu, na kwamba mkaguzi wa hesabu anaweza kuisoma miaka ijayo. Nikasema wazi kwamba kusaini ni hiari na koleo ni la kila mtu. Wengi walisaini. Mzee mmoja alirudisha kalamu kwa heshima, akashuka mtoni, akajaza magunia hadi usiku wa manane. Saa zake sikuziandika popote.