RCD haichukui nafasi ya waya wa ethi

Ndugu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi anaposema kwamba soketi zinazolindwa na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 hazihitaji waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Naona ameisoma kanuni nusu. RCD hulinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi kwenye nyutro, kisha hukata umeme tofauti inapofikia kiwango chake. Pasipo ethi, bodi ya chuma ya friji yenye hitilafu hubaki na umeme hadi mtu aiguse, na mwili wake ndio unaokuwa njia ya mvujo. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 huihesabu RCD kama hiyo kuwa kinga ya ziada tu. Kitufe chake cha majaribio, ambacho mafundi hupenda kukibonyeza mbele ya mteja, hakithibitishi kwamba ethi ipo, mwombe fundi wako aipime.