Maswali ya Wasomaji: Breki ya Mbele na Gari Lililokata Kona

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 20 na nimeanza kuendesha pikipiki mwaka huu. Majuzi, jua likikaribia kuzama, nilikuwa barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa, na gari lililokuwa likija upande wa pili likakata kona mbele yangu ili kuingia barabara ndogo. Nilikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu likaserereka, nikaanguka ubavu na helmeti ikagonga lami. Niliponea chupuchupu, nikapata michubuko tu. Dereva aliapa kwamba hakuniona. Wenzangu wanasema nilifanya vyema kutoigusa breki ya mbele kwa kuwa humpindua mtu, naye mama anataka niuze pikipiki. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Tunashukuru kwamba umetuandikia ukiwa mzima.

Wenzako wamekosea, na kosa lao ni la hatari. Unaposhika breki, uzito wa pikipiki na wa mwili wako huhamia mbele; gurudumu la mbele hukandamizwa na kuishika lami kwa nguvu zaidi, ilhali la nyuma hupungukiwa uzito na kuserereka kwa urahisi, kama ulivyojionea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama imo katika breki ya mbele. Kinachomwangusha mtu ni kuibana kwa mshtuko, au kuibana wakati pikipiki imelala kwenye kona au inapita juu ya mchanga. Ibane kwanza kwa wepesi, uzito ukishahamia mbele uongeze nguvu, huku mguu ukiikanyaga ya nyuma kwa kiasi. Jambo hili halifunzwi siku ya hatari. Tafuta mwalimu, mfanye mazoezi kwenye uwanja mkavu ulio wazi, kwa mwendo mdogo, mpaka mkono ufanye wenyewe bila kungoja kuamriwa.

Hata breki nzuri huhitaji nafasi. Kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde moja ya kung'amua hatari huzimeza zote kabla breki haijaanza kazi. Kisha kusimama kwenyewe, katika lami kavu na kwa mtu stadi, huchukua takriban mita 20 nyingine. Ukienda kwa kilomita 80, hizo mita 20 huwa karibu 36.

Kuhusu dereva, haki ya njia ilikuwa yako, lakini sidhani kwamba alidanganya. Utafiti wa Harry Hurt uliotolewa mwaka 1981 huko California, uliochunguza ajali 900 za pikipiki papo hapo zilipotokea, ulionyesha kwamba katika theluthi mbili ya ajali zilizohusisha chombo kingine, dereva wa chombo hicho ndiye aliyeiingilia njia ya pikipiki, na mara nyingi hakuwa ameiona kwa wakati. Pikipiki ni nyembamba, hufichwa na nguzo ya kioo cha gari, na hata ikionekana, jicho huidhania iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Basi washa taa hata mchana, punguza mwendo kabla ya kila makutano, vidole vikiwa tayari juu ya breki, na utazame magurudumu ya mbele ya gari linalosubiri kukata kona, kwa kuwa dereva anaweza kukukodolea macho na bado asikuone.

Mama yako ana haki ya kuogopa, na sitamlaumu. Ushauri wangu ni kwamba usiipande tena pikipiki hiyo katika barabara kuu mpaka umalize mafunzo. Ukiona huna subira ya kujifunza, msikilize mama, uiuze.

Helmeti iliyogonga lami usiivae tena, hata kama gamba lake halina ufa. Povu gumu la ndani hukinga kichwa kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Nunua mpya inayobana vizuri, na ufunge mshipi wa kidevuni kila safari, hata iwe fupi namna gani.